Bastola Aliyonichagulia Marehemu Kaka Yangu

Sitaki uniamini kwa sababu nimeapa. Watu wanaapa kila siku na wanadanganya kila siku. Niamini kwa sababu sina ninachopata kwa kukusimulia haya, labda kuumwa na kichwa tu. Mimi si mtu wa kuona mizimu kila kona. Ni nesi, maiti nimeziosha kwa mikono hii, kwangu hiyo ni kazi. Na usidhani nitakupeleka makaburini saa sita usiku. Haya yalinikuta jioni, taa zote zikiwaka, watu wakila pilau sebuleni, katika apatimenti ya kaka yangu hapa Brooklyn Park, Minnesota.

Kaka yangu aliitwa Kefa. Alikufa kwa presha, alianguka kazini na hakuamka. Tulimsafirisha hadi Kenya tukamzika nyumbani, ndani ya suti ya kijivu ambayo niliinunua mimi mwenyewe. Nilisimama pale mpaka udongo ukajaa. Hilo nataka ulielewe vizuri kabla sijaendelea.

Kefa hakuoa. Alichooa ni bastola. Wenzake wakipata uraia wa huku wananunua gari, yeye alinunua bastola mbili kubwa, zile zinazojipakia risasi zenyewe: unafyatua, ganda linaruka, risasi nyingine inapanda. Moja ilikuwa nyeusi, ya zile risasi nene wanazoita fotifaivu. Nyingine ilikuwa ya kung'aa, sisi tukiiita nyeupe, ya risasi za teni-milimita, ambayo wazungu wa huku hubeba wakienda kwenye misitu yenye dubu. Dubu wa Kefa alikuwa wapi, usiniulize. Kila Jumamosi alikwenda nazo Blaine kwenye uwanja wa kulenga shabaha, na mwenzake wa kwenda naye alikuwa Justus, mume wangu.

Mume wangu wa zamani, samahani. Huyo mtu alinipiga mpaka nikatoka na nguo nilizovaa. Na hapana, sikumwita polisi. Mama yangu alinishika magoti akaniomba mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Basi wazee wakaitwa, wakakaa, Justus akalia machozi mbele yao, akaomba radhi, akapigiwa makofi. Makofi, wewe! Wiki ileile akanipigia simu. Akaniambia kwa sauti ya taratibu kabisa kwamba atakuja kuniua, na siku hiyo hakutakuwa na mzee wa kumtetea yeyote.

Sasa, kwetu vitu vya marehemu mwanamume haviuzwi. Ukoo hukaa, watu wakala, kila mmoja akaondoka na chake: huyu koti, yule viatu, mwingine saa. Tuliporudi huku baada ya kumzika Kefa tukakusanyika kwake. Aliyesimamia ni Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, aliyekuja kutoka Richfield na kofia yake ya manyoya ambayo hakuivua hata ndani. Makoti yakaisha, viatu vikaisha, zikabaki bastola.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "wewe ndiwe wa tumbo moja naye. Chagua moja. Itakayobaki tutampa mkwe wetu Justus. Alikuwa rafiki wa marehemu, na roho yake itapoa akiona bado tunamhesabu."

Nikamwambia, "Baba mdogo, huyu mtu ameahidi kuniua."

"Hasira za mwanamume ni maneno tu. Mtu akipewa heshima hutulia."

Justus alikuwa amekaa palepale na sahani yake, anatafuna, ananitazama. Hakukanusha. Ananitazama tu na kutafuna.

Umeona nilipowekwa? Nikikataa, anapata zote mbili. Nikikubali, ile nitakayoiacha ndiyo nitakayoelekezewa. Na mimi nilijua nini kuhusu bastola? Sikuwahi kufyatua hata ile ya maji ya watoto. Nilitaka kitu kimoja tu: kuishi. Nikaingia chumbani kwa Kefa, nikafunga mlango.

Zilikuwa juu ya kitanda, zimelazwa kwenye taulo. Nje kulikuwa kumeshaingia giza, unajua baridi za huku, jua linazama kabla watu hawajatoka kazini. Nikainua nyeusi, nzito. Nikainua nyeupe, nzito vilevile. Nikaziweka chini nikaanza kulia kwa hasira. Ndipo nikasikia mtu akikohoa.

Kefa alikuwa na kikohozi chake, cha kusafisha koo kabla ya kukupa amri. Tangu utotoni nakijua. Nikageuka. Alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, ameinama, anavaa soksi.

Ni suti ileile. Nyuma yake kulikuwa na kabati la milango ya vioo, na kwenye kioo niliuona mgongo wake: suti imepasuliwa kutoka kwenye kola mpaka chini, na shati nalo, na ngozi ya mgongo inaonekana. Wanaoandaa maiti hukata nguo kwa nyuma ili iwe rahisi kumvisha marehemu. Jambo hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwahi kumwambia mtu yeyote wa familia, wangeumia bure. Chumba kizima kilinuka ile dawa ya mochwari.

Utaniuliza kama nilipiga kelele. Sikupiga. Nilifurahi, haki ya Mungu! Nilikuwa peke yangu kwenye hiyo nyumba iliyojaa ndugu, na sasa kaka yangu amekuja.

"Sista," akasema, "chukua nyeupe."

Nikaitazama ile nyeusi.

"Hii nyeusi inakwama. Imenisumbua kila Jumamosi. Mwachie Justus. Siku akikuelekezea, haitalia."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe haijawahi kuniangusha."

Akanyoosha mkono akanipigapiga kiganja, kama alivyokuwa akifanya nikifaulu mtihani. Mkono wake ulikuwa wa baridi, kama pakiti ya maziwa iliyotoka kwenye friji. Nikafumba macho kidogo tu nifute machozi. Nilipofumbua, kitanda kilikuwa kitupu, na ile harufu bado ipo.

Sasa nihukumu. Ungefanya nini? Kweli, alipokuwa hai Kefa alikuwa upande wa Justus. Aliwahi kuniona na jicho limevimba, akaniambia nirudi kwangu, nivumilie, kwani mimi ndiye wa kwanza kupigwa? Hayo niliyakumbuka. Lakini sisi tumelelewa kwamba neno la marehemu ni neno. Mtu ameshakufa, anadanganya ili apate nini? Nilidhani huko wanakokwenda watu huoshwa moyo. Nilidhani ameona makosa yake na amekuja kunilipa.

Nikatoka sebuleni nikasema, "Nyeupe."

Justus akafuta mafuta ya pilau mikononi, akasimama, akapokea nyeusi kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri. Akashukuru wazee. Mimi nikamcheka moyoni. Nikasema, pokea hicho chuma chako kibovu, mpumbavu wewe.

Nilikwenda kuijaribu yangu? Sikwenda. Watu wa kazini waliniambia niende uwanjani nifundishwe, nikasema ndiyo ndiyo, nikapitiwa na zamu na theluji. Ukweli ni kwamba sikuona haja. Aliyekufa amenihakikishia mwenyewe, mimi nani wa kupima maneno yake? Nilijifunza kuweka risasi na kuondoa kizuizi cha usalama, basi. Nikaiweka kwenye droo jikoni na nikaanza kulala vizuri, usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu niolewe.

Mama yetu alikuwa akiishi na Kefa. Sasa akahamia kwangu. Nilimwambia kitu kimoja tu: Justus akibisha, usifungue. Akaitikia, "Sawa, mwanangu." Lakini mama ni mtu wa kale. Kumwacha mkwe amesimama nje kwenye baridi, kwake hiyo ni aibu ya kutembea nayo mpaka kaburini.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mimi nakaanga kitunguu. Nikasikia mlango, na sauti ya mama, "Karibu, baba. Ingia uote moto."

Nilipotoka na bastola mkononi, Justus alikuwa amesimama kwenye kapeti na viatu vyenye theluji. Hakushtuka hata kidogo. Nikamwambia atoke. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa ile nyeusi, polepole, hana haraka ya chochote. Mama akaona zote mbili, akapiga ukemi.

Nikafyatua.

Tik.

Unajua sauti ya kuwasha jiko la gesi lisilo na gesi? Hiyo. Nikafyatua tena. Tik. Na Justus akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mtoto.

"Kefa aliniambia hiyo haitalia," akasema.

Mama ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameshajiweka katikati yetu, kwa sababu kwetu mwanamume hawezi hata kuinua sauti mbele ya mama mkwe wake, sembuse kitu kingine. Alisimama pale kwa imani kabisa. Akauliza, "Kefa gani?"

"Kefa wako, mama. Alinijia jioni ileile ya kugawa vitu, nikiwa nawasha gari. Akaniambia nisihuzunike, amenihifadhia ile nzuri."

Nilimwona mama akigeuza shingo kunitazama. Sitausahau ule uso. Haikuwa hofu ya bastola. Alikuwa anataka nimwambie kwamba si kweli, kwamba mwanawe hakufanya hivyo. Nami sikumwambia. Nilikuwa natafuta nguvu ya kusema, na nyeusi ikalia.

Ile nyeusi haikukwama. Ilinilenga mimi, ikampata mama yangu. Alikufa kwenye kapeti kabla ambulensi haijafika, akiwa na kile kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha Muungano wa Akina Mama wa kanisani, mikono yangu yote miwili ikikandamiza jeraha, nesi mzima, na haikusaidia kitu. Justus alipoona ni nani aliyempiga, alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Polisi walimkuta hivyohivyo. Yuko jela, na atazeekea humo.

Wale polisi waliifungua ile nyeupe. Wakanieleza kwamba kile chuma kidogo cha ndani kinachogonga risasi kilikuwa kimevunjika zamani, na kwamba yeyote aliyekuwa akiitumia alijua. Alijua! Nikacheka mbele yao, mmoja akaniuliza kama nahitaji kukaa.

Sasa sikiliza kilichobaki, maana hakijaisha.

Anakuja. Si kila siku. Huja jua likizama, nikiwa nakunja nguo au naosha vyombo, nanusa ile dawa kwanza, halafu kikohozi. Mara ya kwanza nilimrushia sahani, ikavunjikia ukutani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema Justus alikuwa rafiki yake, na mimi nilikuwa nimemwaibisha, kila mtu hapa mjini alikuwa anamsema. Akasema alidhani mimi ndiye nitakayekufa, akalisema hilo kama mtu anayejitetea.

Siku hizi hatetei chochote. Anaomba. "Sista, niongelee na mama. Yuko huku na hataki kunitazama. Nikimkaribia anahama." Analia, na machozi hayatoki, uso tu unajikunja. Anasema huko hakuna mwingine wa kukaa naye.

Pasta anataka nimsamehe, eti apumzike. Baba mdogo, ambaye sasa anapita mbali akiniona, alinitumia ujumbe kwamba nimwombee. Wote nimewaambia sawa. Lakini Kefa akija, mimi huendelea kukunja nguo zangu. Jana alipiga magoti. Nikamwambia, "Mama si mko naye huko? Mwambie mwenyewe." Nikazima taa nikamwacha gizani.

Niite mkatili. Nimeshaitwa.

Wewe unayenisikiliza, siku moja marehemu wako anaweza kukujia na ushauri mtamu, na utafurahi, utalia, utataka kumtii. Usimtii haraka. Kufa hakumfanyi mtu kuwa mwema. Aliyekuwa upande wa adui yako anaondoka na upande wake, na anarudi nao. Muulize maswali kama ungemuuliza mtu hai, na akikuchagulia kitu, kijaribu kwanza wewe mwenyewe, mchana, kabla mama yako hajaenda kufungua mlango.