Barua kwa Mrina Asali

Mimi ni binti wa mrina asali, lakini ulimi wangu haukuambulia hata tone. Muulize aliyenioa, atakwambia. Ulimi huu ni wa mama. Baba hakuwa na maneno, matamu wala machungu. Alikuwa mtu wa porini huko kwetu Ipole, mizinga yake ya magome imetundikwa mitini kila upande, na akirudi nyumbani alikaa akichonga hiki na kile. Tulimpigia magoti, tukapiga makofi kama ilivyo desturi yetu Wanyamwezi, akaitikia, basi, tukaondoka. Siku niliyopelekwa shule ya wasichana ya misheni, Tabora, alisimama mbali akitazama magurudumu ya lori. Nami nikanuna, nikapanda bila kumuaga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilishaamua moyoni kwamba kwa baba yangu mimi ni mzinga mmoja katika mizinga yake, tena ule uliokimbiwa na nyuki.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, mwenye viatu vya kiume na subira ya ajabu. Kila Jumatatu aliandika neno moja pembeni mwa ubao, akalizungushia mstari. Neno lilikaa pale wiki nzima, na mwenye zamu ya kufuta ubao ole wake aliguse. Jumamosi asubuhi kila mmoja wetu alisimama akatoa sentensi yenye neno hilo, sentensi ya kweli iliyotoka katika maisha yake. Ukibuni alijua. Alijuaje, sijui mpaka leo.

Jumatatu moja akaandika “cherish”.

Tukaliimba darasa zima, cherishi, cherishi, kama tunaita kuku. Akatuuliza maana yake tunaionaje. Mmoja akasema ni kupenda. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema hata wali unaupenda, na ukishaumaliza habari yake imekwisha. Mwingine akasema kutunza. Jembe nalo hutunzwa, akajibu, unalichomeka darini wala hulikumbuki mpaka mvua inyeshe. Msichana mmoja wa mjini, mwenye Kiswahili kilichonyooka, akasema kuenzi. Hapo mwalimu akatabasamu, akasema tumekaribia.  Akakunja viganja vyake viwili kama mtu aliyepewa kifaranga cha siku moja, akavileta kifuani, akabaki hivyo anatutazama. Nikaona wivu. Nilikionea wivu kile kifaranga ambacho hata hakikuwapo.

Akasema neno hili ni zito, tutalitengea wiki mbili, na safari hii tusilitaje tu. Kila mtu alitumie kwa mtu wake, kisha aje atueleze. Wenzangu wa mjini walikuwa na mama zao na dada zao karibu. Mimi nikachukua karatasi nikamwandikia baba. Kwa nini yeye, na si mama? Kwa hasira, nadhani. Nilitaka mtu asiyesema kitu aone jinsi watu wanavyosema. Nikaandika kwa Kiswahili kwamba yeye ni kitu changu cha thamani, kwamba namweka moyoni popote nilipo. Karatasi ilikuwa bado ina nafasi, nikaongeza kwamba kama nimemkosea anisamehe, na mimi nimesamehe yote. Nikaisoma, nikaona imependeza kweli. Nikampa dereva wa lori la misheni lililokuwa linaelekea upande wa kwetu, nikarudi bwenini najiona mtu mzima.

Ijumaa ya wiki ya pili tulikuwa bustanini tunamwagilia mchicha, mlinzi wa lango akaja kuniita. Akasema kuna mzee amefika, ametaja jina langu, na anataka aonyeshwe mahali wanapolazwa wagonjwa.

Alikuwa baba. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Kichwani amebeba kilindo, lile kopo letu la gome la mti la kuwekea asali, na kwapani ana bunda lililofungwa kwa kamba. Kutoka kwetu ni siku tatu kwa miguu. Baadaye nilijua kwamba alitumia mbili. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Hakuitikia. Akatua kilindo, akainama, akaniwekea mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso, halafu shingoni, kama mama anavyompima mtoto homa. Mkono ulinuka moshi wa kufukuzia nyuki. Tangu nipate akili alikuwa hajanigusa.

“Unaumwa nini?” akauliza.

“Siumwi, baba. Mimi mzima.”

“Usinifiche. Umeniaga.”

Nikamuuliza nimemuaga lini. Ndipo akanieleza, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Barua ilisomwa na mwinjilisti wa kijijini kwetu, na kabla hajafika mwisho mama alikuwa ameshaanza kulia. Mtu akatumwa mbio porini kumwita baba, aliyekuwa kambini na wenzake. Ulikuwa msimu wa kurina. Alisomewa barua mara moja tu. Akashika njia.

Zamani za misafara, akasema, mpagazi aliyebeba pembe kwenda pwani alimaliza maneno yake mlangoni kwake: nani wa thamani kwake, nani amemkosea, nani amemsamehe. Njiani kulikuwa na ndui na njaa, na wengi walibaki huko. Ndiyo maana kwetu maneno hayo hayasemwi ovyo. Anayeyasema anajua anakokwenda. Baba alikuwa mtoto wa kufika kiunoni siku babu alipoinama mlangoni akamwambia kwamba yeye ni kitu chake cha thamani. Babu hakurudi. Baba hakuyasikia tena maneno yale maishani mwake, mpaka mwinjilisti alipoyasoma, na mwandiko ni wangu.

Hadithi za wapagazi nilizijua, nani kwetu hazijui? Nilidhani tu zimekwisha pamoja na wapagazi wenyewe. Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nikamwambia habari ya ubao, na neno la Kiingereza, na Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anikaripie, na ningeshukuru. Badala yake akakaa chini pale pale langoni, akafunika macho kwa kiganja.

“Na asali, baba?” nikauliza. “Imebaki na nani?”

“Na nyegere,” akasema, wale wanyama wavunja mizinga.

Akanisogezea kilindo. Lile bunda akalisukuma nyuma yake, na mimi kwa umbea wangu nikalivuta. Ilikuwa nguo ya marekani, mpya, nyeupe, urefu wa mikono mingi, aliyoinunua dukani mjini kabla ya kuja shuleni. Kitambaa cheupe kipya cha urefu ule kila mtu kwetu anaijua kazi yake. Njia nzima alikuja akijua kwamba huenda akafika amechelewa, na hakutaka nizikwe kwa kitambaa cha kuomba. Nililia mbele ya mlinzi na wasichana wote waliokuwa wanachungulia, na sikujali.

“Shonea gauni,” akasema. Kisha, akiwa anatazama ukuta: “Maneno yale usiyaandike tena. Ukiyataka, njoo uyaseme nikiwa nakuona.”

Alilala kwa mlinzi. Alfajiri nilimsindikiza mpaka penye miembe mwisho wa uwanja, akaniambia nirudi, umande utanilowesha miguu. Sikuyasema yale maneno. Nilipiga makofi, na safari hii aliitikia, tena aliitikia mara mbili.

Saa tatu tukaingia darasani. Mmoja alitoa sentensi ya bibi yake, mwingine ya mdogo wake aliyeota meno, na mwalimu akafurahi. Zamu yangu ilipofika nikasimama, na Kiingereza chote kikanikimbia. Nikasema kwa Kiswahili kwamba baba yangu amewaachia nyegere asali yake ya mwaka mzima.

 Mwalimu akaniuliza kwa upole, na lile neno letu, liko wapi?

“Limeondoka alfajiri, mwalimu,” nikasema. “Liko njiani, linarudi Ipole kwa miguu.”