Radi ya Ishaka Itapunguzwa Ijumaa

Habari ilimfikia Ishaka siku ya Jumanne, akikata ngozi za makubazi. Rashid muuza samaki alisimama dirishani mwa karakana, ndoo mkononi, akasema kama mtu anayesema kuwa mvua itanyesha:

"Ami Nassor keshakata shauri. Ijumaa baada ya sala anaifungua mashine. Radi yako inapunguzwa."

Kisu kikateleza. Hakikumkata, lakini kilichora mstari mrefu katikati ya ngozi nzuri, na Ishaka akabaki akiutazama.

"Inapunguzwa kiasi gani?"

"Ya kutosha, ndivyo alivyosema." Rashid akahamisha ndoo mkono wa pili. "Usinikunjie uso, bwana. Mimi nimeletwa na njia tu."

Nassor alikuwa baharia zamani. Alipochoka na meli alirudi kwao Kisauni, akakodi chumba Bombolulu, akaweka humo mashine ya michezo ya video iliyokwisha kuchubuka Dubai kabla ya kuja kuchubuka hapa. Mashine za namna hiyo zilikuwako katika kila bandari miaka ile ya tisini, na kila bandari iliziwekea sheria zake. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili walio upande mmoja. Hukaa bega kwa bega kwenye vigoda viwili, wakapambana na mazimwi yanayomiminika kutoka mapangoni. Mmoja ni askari wa panga, na mwenzake ni bibi mwenye fimbo ya radi. Na sheria ya Nassor ilikuwa moja: ukifa, unainuka mwenyewe, unampisha aliye kwenye benchi.

Ishaka hakuwahi kuchagua panga. Mkono wake wa kushoto ulipooza angali mtoto mdogo, na panga linataka mikono miwili myepesi: kuruka, kukinga, kurudi nyuma. Bibi wa radi hataki hayo. Ishaka hukilalia kijiti cha kuongozea kwa kiwiko kilichopooza, akabonyeza kwa kidole cha mkono mzima, na kioo kizima kikageuka cheupe. Kikirudi rangi zake, mazimwi yako chini. Kwa hivyo hafi. Akiketi alasiri, humwinua adhana ya magharibi.

Siku tatu zile hakula vizuri. Mkewe, Zubeda, alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni joto. Angemwambiaje mwanamke mwenye akili zake kwamba mume mtu mzima anaogopa mchezo?

Wala si mchezo alioogopa. Alizaliwa Mtongwe, na mamaye, Mwanatabu, alikuwa akitoka mlangoni na kuwaambia watoto wa jirani, "Mwacheni naye acheze, wanangu." Wakamwacha. Walicheza kukimbizana, na Ishaka akiguswa hakuna aliyepiga kelele kuwa ameshikwa. Walicheza mpira, akalinda goli, na bao likimpita walilirudia kana kwamba halikuingia. "Huyo hahesabiwi," walimweleza kila mgeni, kwa upole. Upole ule ulimkaa mwilini kama homa isiyotoka. Kuna mtu huogopa nyoka, kuna mtu huogopa maji. Ishaka aliogopa kuachiwa.

Alhamisi alikwenda kumwona Nassor, akamkuta anafuta kioo cha mashine kwa kitambaa chenye spiriti.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Ami, sisi hatupigani wenyewe kwa wenyewe. Radi yangu haimuumizi Rashid mwenye panga. Mazimwi ndiyo yanayokufa, nayo hayajaleta malalamiko kwako. Basi hasara ni ya nani?"

Kioko, fundi wa magari mwenyeji wa Ukambani, aliyekuwa benchini akila kaimati, alicheka mpaka shira ikamdondokea shati. "Ya mimi. Nimekaa hapa mpaka benchi imeanza kunijua."

"Na ya Rashid," Nassor akasema. "Muulize anachofanya ukishika radi."

"Natembea," Rashid akajibu, amejiegemeza mlangoni. "Natembea nyuma yake kama mpambe wa bwana harusi. Panga nimelishika, wa kumkata simwoni. Wallahi, siku nyingine nakuwa nahesabu mapango."

"Basi ongeza panga lake," Ishaka akasema upesi. "Usinipunguze mimi. Muongeze yeye."

Nassor alilifikiria hilo kwa haki. "Nikiongeza panga, mazimwi yatakufa kwa kikohozi. Mchezo usio na khofu nani atautaka? Watu huja hapa kuogopa kidogo, Ishaka. Wewe peke yako huogopi."

Ishaka akatamani kucheka. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

Ijumaa, kwenye sijida ya mwisho, alijikuta anawaza bisibisi ya Nassor, akaomba msamaha papo hapo kipaji cha uso kingali kwenye mkeka. Njiani miguu ilimwambia arudi nyumbani. Lakini asipokwenda watasema, "Tusimlazimishe, masikini," na neno hilo alilikimbia kuliko mazimwi.

Nassor aliifungua mashine mgongoni. Ndani, pembeni mwa kibao cha nyaya, kulikuwa na vibonyezo vidogo kama punje za mchele, naye alikuwa amevijua kwa kujaribu na kukosea. Akakisukuma kimoja kwa ncha ya bisibisi. Hakuna kilicholia, hakuna kilichowaka. Ishaka alitazama jambo lile dogo likifanyika.

"Haya, kaeni," Nassor akasema.

Wakakaa. Zimwi la kwanza likatoka pangoni. Ishaka akabonyeza. Radi ikaja nyembamba, kama uzi, ikaligonga zimwi kifuani, na zimwi likaendelea kuja. Akabonyeza tena. Likaja. Rashid akaruka mbele, akalikata. "Aa, kumbe lina damu!" akasema, na furaha ya sauti yake ikamchoma Ishaka. Yakatoka mawili, kisha mengine nyuma yao. Sasa ilitakiwa kurudi nyuma, na kiwiko hakijui kurudi nyuma. Kikateleza kwenye kijiti. Bibi wa radi akasimama palepale kama mtu aliyesahau alichofuata, yakamzingira.

Akafa.

Ishaka akaanza kuinuka. Na hapo Rashid, mtoto aliyelelewa akaleleka, asiyeweza kuona mtu anamwinukia asiseme neno, akanyoosha mkono akamgusa bega. "Starehe, ndugu yangu. Starehe. Hii haihesabiwi. Kaa, uanze tena."

Ni neno la heshima. Pwani nzima mtu akikupisha kiti humwambia starehe, naye hurudi kukaa, na wote wawili hutoka wamepandishana hadhi. Ishaka alilisikia akawa yuko Mtongwe, golini, mpira umempita na hakuna anayeshangilia. Akikaa, atakuwa amekaa hivyo maisha. Akikataa, atakuwa amemvunjia Rashid adabu mbele za watu. Magoti yakasimama katikati, hayapandi wala hayashuki.

"Starehe gani?" Kioko akauliza kutoka benchini. "Si amekufa? Nimemwona na macho yangu. Toka hapo, bwana, ni zamu yangu."

"Kioko, kidogo adabu," Nassor akamwambia.

"Adabu gani, mzee? Amekufa vibaya hata. Ile kiwiko ameiweka kama anasinzia. Toka, toka."

Magoti ya Ishaka yakanyooka. Akakiacha kigoda, akaenda benchini pakiwa bado na joto la Kioko. Rashid alimtazama kwa huruma, kisha zimwi likamwita.

Kioko alichagua radi kwa kiburi, na hakudumu nayo. Aliinuka huku akilaani kwa Kikamba, akamwelekezea Ishaka kidole. "Haya, njoo wewe. Radi yenu imebaki ya kiberiti. Na ukifa, mimi sisemi starehe."

"Usiseme," Ishaka akajibu.

Akakaa. Alijua sasa kwamba atakufa, pengine upesi, na kwamba atainuka. Safari hii alikisogeza kiwiko nyuma kidogo, akakikaza dhidi ya mbavu. Pangoni kukaanza kusikika vishindo.