Machicha ya Busaa kwa Nguruwe Wangu

Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na kila akija nyumbani Malinya alibeba mtungi wa molasi. Nguruwe wetu jike aliilamba mpaka akanona kweli kweli, lakini alipozaa, maziwa hayakutoka. Watoto wakafa wote. Nililia, sioni haya kusema.

Mama mkwe akataka aitwe mwenye bucha. "Huyu anakula bure tu."

"Mama, nipe uzao mmoja zaidi," nikamwambia. Akakubali shingo upande. Watoto wakifa tena, mama yao anaenda buchani na ufugaji wangu umekwisha.

Nikaenda kwa afisa wa mifugo, naye hakunizungusha. "Molasi ni nguvu na mafuta, mama. Maziwa yanataka protini. Kama mashudu ya alizeti yamekushinda bei, tafuta machicha ya busaa. Wanga umegeuka pombe, protini imebaki kwenye makapi."

Ala! Machicha? Mimi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, niliyekemea busaa kila Jumapili? Na jirani yangu mama pima, anayeipika na kuiuza, alikuwa ananisikia vizuri, maana kipaza sauti chetu si cha mchezo.

Nikaenda hivyo hivyo. Aliponiona na ndoo akacheka mpaka akashika kiuno. "Karibu mwenyekiti! Umekuja kuonja?"

"Nimekuja kuchukua mnachomwaga."

"Ni ya nguruwe kweli, ama ni yako?" Lakini alinijazia.

Siku ya kwanza niliyapeleka mabichi, yakitoka kukamuliwa. Nguruwe akalewa chakari, akakoroma mchana kutwa, kusimama hawezi. Bahati mimba ilikuwa bado tumboni. Angekuwa amezaa angewalalia watoto. Kuanzia hapo niliyaanika juani kwenye gunia mpaka harufu ya pombe ikaisha, nikachanganya na pumba za mahindi na vumbi la omena, wale dagaa wa ziwani. Molasi nikatia kidogo tu, ya kumvutia ale.

Alipozaa, kamati ya akina mama ilifika kabla hata sijabadilisha nyasi za banda.

"Mwenyekiti, watu wanasema unaingianga kwa mama pima."

"Wanasema ukweli."

Nikawapeleka bandani. Nguruwe alikuwa amelala ubavu, watoto wamejipanga kwenye chuchu wakivuta, midomo imejaa povu jeupe. Nikawaeleza yote, kuanzia molasi hadi omena. Mmoja wao akainama akatazama sana. "Kumbe wanashiba," akasema. Halafu akasimama wima, akakumbuka kilichomleta. "Lakini lazima uchague, dada. Ndoo ama kiti."

Nilikipenda kile kiti, nisikudanganye. Nilikuwa nimekikalia miaka, na nilijua hakuna mwingine wa kuwapangia harambee vile nilivyopanga. Nikatazama wale watoto wakinyonya.

"Kiti mtafutieni mtu," nikasema.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Mwenyekiti mpya akasimama akakemea busaa kwa maneno yangu yale yale, na akina mama wakageuka kunitazama. Nikawatazama machoni mmoja mmoja mpaka wakageukia mbele. Ibada ilipoisha nikanyoosha kwa mama pima na gauni langu la kanisa, wote wakiwa pale barabarani wananiona.

"Leo hata hujapita nyumbani?" akauliza.

Nikamwambia aniazime ndoo, na aijaze.