Shujaa Asiyeingia Kwenye Ramani

Upepo ukitoka ziwani, darasa letu lote lilinuka magadi. Harufu hiyo iliingia kwa madirisha yasiyo na vioo, ikachanganyika na vumbi la Nakuru, na penseli zilizochongwa kwa wembe, na gundi yetu, ambayo kwa kweli ilikuwa uji wa unga wa ngano uliolala. Nikiisikia leo, popote nilipo, nachoka. Sijui kueleza vingine. Kuna watu ambao wakikumbuka utoto wao hupata nguvu. Mimi nikikumbuka darasa la sita hutamani tu kuketi.

Wakati huo mimi na rafiki yangu Jasleen, wa asili ya Kihindi, ambaye babake aliuza spea za malori mjini, tulikuwa na dunia yetu wenyewe. Tuliianza mwaka wa 2007 kwenye kurasa za nyuma za madaftari, kwa katuni tulizochora wakati mwalimu akiandika ubaoni. Shujaa wangu aliitwa Moshi. Aliishi ndani ya shimo la volkano la Menengai, na aliweza kugeuka mvuke na kupenya tundu la ufunguo, lakini upepo mkali ulimtawanya. Wa Jasleen alikuwa Bibi Chuma, aliyeinua lori kwa mkono mmoja na kushikwa na kutu mvua ikinyesha. Siku mashujaa hao wawili walipokutana katika kisa kimoja tukagundua kwamba hatuwezi kuendelea bila sheria, maana wenzetu nao walianza kuleta mashujaa wao, wengine wakiruka, wengine wakitema moto, na mmoja aliyefanya yote mawili na bado akasoma mawazo ya watu. Tukaamua: shujaa atakuwa na uwezo mmoja na udhaifu mmoja, na lazima awe na kwao, mahali anapopalinda, asivuke kwenda kwa mwenzake mpaka aalikwe. Sheria ya kwao niliitunga mimi, na niliringa nayo. Niliitoa nyumbani, ambako hakuna mgeni aliyemaliza chai kabla ya kuulizwa kwao ni wapi. Nilidhani ni adabu tu. Kisha nikachora ramani ya karatasi nne zilizogandishwa kwa ule uji, kutoka ziwani hadi Rongai, na nikawa mlinzi wake.

Mwaka wa 2008 shule zilichelewa kufunguliwa. Tuliporudi, dawati la watatu lilikaliwa na watano, kwa sababu watoto wengi walikuwa wametoka milimani ambako nyumba zao zilichomwa baada ya uchaguzi. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, na lile swali la kwenu ni wapi sasa lilifanya mtu aangalie nyuma kwanza kabla ya kujibu. Niliona hayo yote na sikuyahusisha na ramani yangu. Mercy aliketishwa kando yangu. Alitoka Keringet, na sasa alilala katika ukumbi wa kanisa pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Jina lake la pili silitaji. Mwaka ule majina ya pili yalitumiwa vibaya vya kutosha. Alivaa sweta ya kijani ya shule yake ya zamani katikati ya sweta zetu nyekundu, na kwa majuma mawili alitutazama tukichora. Kisha, mapumziko ya saa nne, akaniomba penseli.

Alimchora mwanamke mrefu aliyejifunga leso kiunoni, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko. Mistari haikutetemeka. Mimi nilikuwa nikifuta mara kumi kupata mkono mmoja, na huyu alichora vidole vyote kumi bila raba. Niliona wivu, na naukiri sasa kwa sababu wakati ule niliuita jina jingine, niliuita kulinda sheria.

"Huyu ako na uwezo gani?" nikamuuliza.

"Akishika majivu, kile kitu kilichomeka kinarudi vile kilikuwa," akasema Mercy. "Nyumba. Viti. Mahindi kwa stoa. Vitabu."

Nilimweleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba hilo haliwezekani. Adui akichoma na yeye akirudisha, kisa kinaisha ukurasa wa kwanza. Moshi atafanya kazi gani? Bibi Chuma atainua nini? Shujaa mmoja akiweza kurekebisha kila kitu, wengine wote wanakuwa mapambo. Hata leo naamini hoja hiyo ilikuwa sahihi, na ndiyo sababu inanichosha. Mercy alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza udhaifu wa shujaa wake, nikitumaini hana.

"Watu hawezi kuwarudisha," akasema. "Vitu tu."

Jasleen aliinamisha kichwa akaanza kukwangua rangi ya dawati kwa ukucha. Hapo nami ningepaswa kunyamaza. Lakini nilibakiwa na sheria moja, ile yangu, na nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na ramani ilikuwa mbele yangu.

"Kwao ni wapi?"

"Kulikuwa Keringet."

"Keringet haiko kwa ramani."

"Si tuongeze tu karatasi?" akasema Jasleen. "Uji uko. Hata mimi watu huniuliza kwetu wapi, na nimezaliwa hapa hapa."

Nilikataa. Nilisema karatasi ya tano itaharibu umbo, kwamba ramani ni ya mraba na imeshapakwa rangi, kwamba tukiongeza ya Mercy kesho mwingine atataka Mau Narok na keshokutwa Nairobi. Nilisema shujaa ni mzuri lakini hafai, hana kwao. Nilitamka maneno hayo hivyo hivyo, mbele ya mtoto ambaye usiku ule angelala sakafuni. Hakulia wala hakubisha. Alisema "sawa", akachana ukurasa taratibu ili usiraruke upande wa hesabu, akaukunja na kuutia mfukoni.

Jumatatu alikuja na shujaa mwingine. Huyu alikuwa msichana mdogo wa makamo yetu aliyeishi soko la mjini, mahali ambapo kwenye ramani hapakuwa na mtu. Uwezo wake ulikuwa kubeba mizigo ya mashujaa wenzake bila kuchoka, na udhaifu wake kwamba hakuweza kukataa akitumwa. Alitimiza kila sheria. Hakumzidi mtu, hakuvuka mpaka, na kila kisa kilimhitaji kidogo. Nilimpigia mstari wa kukubaliwa kwa biro nyekundu, nikafurahi kwamba sheria zinafanya kazi. Tulichora na Mercy hadi Agosti, mama yake alipopata chumba Eldoret wakahama. Katika kurasa zile zote yule msichana wa mizigo yuko nyuma ya Moshi na Bibi Chuma, amejitwika kitu kichwani, na anachorwa vizuri kuliko sisi sote.

Siku hizi watoto wa dada yangu hubishana kuhusu mashujaa wa kwenye simu, nani anafaa kukaa na nani, nani amezidi nguvu akaharibu dunia ya wenzake. Wanajua kubishana kuliko sisi. Hawachori, na hakuna anayeuliza shujaa kwao ni wapi, na sijui kama hiyo ni nafuu au ni kwamba swali limehamia mahali pengine. Mwaka jana Jasleen alinipatia nambari ya Mercy. Nikampigia. Ni muuguzi, ana watoto wawili, na sauti yake ni ya mtu aliyetoka zamu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno hata kwenye karatasi. Nikamuuliza kwanza kama anamkumbuka yule shujaa wake.

"Yule wa mizigo?" akacheka kidogo. "Woi, nilimpenda sana yule."

"Na yule mwingine? Wa mikono myeusi?"

Alifikiri, kwa uaminifu, kama anayetafuta funguo. Nilisikia mtoto akimwita huko nyuma.

"Huyo simkumbuki," akasema. "Ni wako? Lakini nyinyi mlinipokea vizuri, unajua. Huwa nawaambia watoto wangu. Huko kwingine kote walikuwa wakituuliza maswali."

Nilimwambia asante, nikamwambia awasalimie watoto. Ile karatasi ya msamaha sikuisoma.