Kamyo ya Baba

Mwezi uliopita mwanangu alikuja kunichukua Butembo, anipeleke Beni kwa gari yake mpya. Alibonyeza kitufe tu, ikawaka bila kelele. Nikadhani bado tumesimama, kumbe nyumba zinarudi nyuma. "Mama, uko bien?" akaniuliza. Nikamwambia niko mzima. Kiti kilikuwa laini, hewa baridi, vumbi lote limebaki nje ya vioo. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshapanda kamyo ya baba, lile lori lake la mizigo.

Wewe uliyekua miaka ile ya uhuru utanielewa. Kamyo ile ilitaka nguvu. Baba alichomeka manivele, kile chuma cha kuwashia, pale mbele, akazungusha mpaka jasho likamtoka, na ilipowaka ilikohoa moshi mtaa mzima ukajua anasafiri. Ilinuka mafuta, kahawa na samaki wa chumvi. Tulikaa juu ya magunia, tukala bugali baridi na sombe ya muhogo kwenye majani ya ndizi, upepo ukitupiga usoni. Penye matope sote tulishuka kusukuma, kisha tukapanda tena miguu ikiwa mizito kwa udongo, tukicheka.

Halafu ukaja uasi. Siku tuliposikia waasi wamekaribia Beni, baba alishusha kahawa yote akapakia majirani. Sisi tulikuwa Waislamu. Wao wengi walikuwa Wakatoliki, wakulima wa upande wa Mulekera. Nyanya, mama aliyemzaa baba, hakuweza tena kutembea, akaketishwa mbele. Tukaelekea milima ya Butembo.

Kwenye mwinuko mmoja kamyo ilizima. Nyuma yetu bunduki zililia. Watu waliokuwa wakikimbia kwa miguu walitua mizigo yao wakasukuma pamoja nasi, wasiotujua kabisa, hadi ikawaka. "Mupande, mupande, tutabanana!" baba akawaita. Wakapanda.

Hatukufika mbali. Penye bariera iliyofunga njia watu wenye silaha walitusimamisha. "Kita!" mmoja akafoka kwa Lingala, tushuke. Waliitaka kamyo. Baba hakubishana. "Muniache kwanza nishushe mama yangu," alisema, akamteremsha mikononi kama mtoto mchanga. Wakajaribu kuiwasha, wakashindwa, wakamwita. Baba akainama mbele ya kamyo yake, akazungusha manivele, akawawashia. Wakaondoka nayo.

Mama alilia. Baba alijipangusa mikono kwenye suruali, akambeba nyanya mgongoni. "Tuende," akasema. "Hapana mbali." Ilikuwa mbali sana. Wanaume wa Mulekera walipokezana kumbeba nyanya, mgongo kwa mgongo, mpaka tukafika salama kwenye kijiji kilichotupokea.

Baba hakupata kamyo nyingine. Tuliporudi Beni alishika jembe, akazeeka nalo. Alipokufa, wanaume wale wa Mulekera wakaja, vichwa vyeupe, wakaomba waingie chini ya jeneza. Shehe akawapisha. Walimbeba mpaka makaburini, na mmoja wao, mzee kuliko wote, alikataa kabisa kupokewa na mwingine.

Kila nikipita njia ile ninatafuta mwinuko wetu. Njia imepanuliwa, miti imekatwa, magari yanapanda pale bila hata kupunguza mwendo. Wakati mwingine nadhani ni hapa, wakati mwingine nadhani ni mbele kidogo. Ningemuuliza mtu. Lakini wote waliosukuma siku ile wamekwisha kuondoka, nimebaki peke yangu.