Lori la Kavumbi na Inshallah za Muhdhar

Muhdhar wa Bondeni hakujua kumwambia mtu hapana. Kwao hapana ni ufidhuli. Ukiombwa usichoweza unasema inshallah, polepole, na wa kwao akiisikia inavyotamkwa ameshaelewa, anaaga. Lakini Kavumbi si wa kwao. Ni mwenye lori, lori moja tu, kituo chake Makupa, na akiambiwa inshallah yeye huenda kuosha lori akangoja.

Miaka kumi na minne Muhdhar, wakala wa kutoa mizigo bandarini, alimpa Kavumbi makontena ya Nairobi. Hapakuwa na mkataba, ni neno tu. Kisha wateja wakahamia treni, na Makupa ikapoa: wa pancha akafunga, mama wa maharagwe akarudi kwao, mafundi wa springi wakawa wanashinda wakicheza karata. Eti uchumi unakua. Haya, labda unakulia kwingine. Muhdhar mwenyewe hakupungukiwa na kitu, maana karatasi za forodha ni zilezile, mzigo uende kwa lori au kwa reli. Hilo ndilo lililomchoma.

Kila Jumatatu Kavumbi alipiga simu.

"Bwana Muhdhar, wiki hii kuna mzigo?"

"Inshallah, ndugu yangu. Labda wiki ijayo."

Alijua hakuna. Miezi mitano alijibu hivyo, na kila akikata simu chai ilimshinda. Muungwana gani huyu, jamani! Mwisho mkewe, Hind, akachoka kumtazama.

"Wamfungia riziki mwanamume mwenye watoto. Nenda kamwambie kweli."

Akaenda baada ya sala ya Ijumaa. Kavumbi alikuwa ameketi kivulini mwa lori, tairi zimepakwa rangi nyeusi upya. Muhdhar akasema yote kwa mkupuo: mizigo yake yote inapanda treni, tangu mwezi wa kwanza, na alijua siku zote.



"Mwezi jana alikuja mtu wa machimbo ya mawe, huko Kilifi," Kavumbi akasema. "Alitaka lori na mimi mwenyewe, miaka mitatu."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia siwezi kukuacha, utakwama."

"Nipe namba yake, nimpigie mimi sasa hivi."

"Alishapata mwengine, wiki ileile."

Kavumbi akasogea kumpisha kivulini, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Muhdhar akabaki amesimama palepale juani. Aliona haya hata kuomba radhi.