Bango la Mtu Aliyetengwa

Nililichoka bango lile kabla sijaichoka simu yenyewe niliyoajiriwa kuiuza. Lilitengenezwa Ulaya: kijana kajilaza kwenye sofa, sebule tupu, anaichekea simu, na chini pameandikwa, "Peke yako, na dunia yote." Nikalitundika sokoni Runzewe. Mama mmoja muuza mchele akalitazama, akaniuliza, "Mwanangu, huyu wamemtenga kijijini kwao?"

Nikamwambia hapana, anafurahia simu.

"Peke yake? Basi kalogwa."

Wenzake wakacheka. Simu sikuuza.

Makao makuu ya kampuni wakasema niongeze bidii. Bidii gani, na simu ina mfumo wake unaokataa programu wanazotumia watu wote? Mimi mwenyewe walinilazimisha kuitumia, eti niwe mfano.

Shangazi yangu alipofariki Kagongwa, msiba ulitangazwa kwenye kundi la ukoo, lile ambalo simu yangu haikuweza kulifungua. Kila mtu akadhani nimeona. Habari nilizipata kwa watu baki, nikafika wanakunja maturubai.

Nikamwamkia baba mdogo, "Shikamoo."

Akaendelea kukunja turubai.